Nimeokoka Wizi Ambao Sikuwahi Kuufanya

Mshauri wetu mpendwa, Shangazi wa ukurasa wa tisa, shikamoo. Naomba msaada wako, na naomba uniwahishie jibu, kwa sababu Alhamisi ya wiki ijayo kuna mtu anashuka kwenye basi akija kwangu, na akishanisalimia tu mimi nitakuwa nimeshaumbuka au nimeshazama moja kwa moja.

Mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na minane, nina mke na watoto wawili, kazi yangu ni kuchonga funguo na kutengeneza vitasa na makufuli, nina kibanda changu kwenye kona ya soko kati ya muuza viatu vya mitumba na kinyozi, na kwa miaka kumi na minne watu wameniachia funguo za nyumba zao na za maduka yao, wakaenda kunywa chai, wakarudi wakazikuta, na hakuna aliyewahi kuhesabu vijiko baada ya mimi kutoka kwake. Hilo nalieleza mapema ili uelewe nimejiharibia nini kwa mdomo wangu mwenyewe.

Mwaka huu kanisa letu liliandaa safari ya umisheni ya wiki mbili kwenda nchi jirani, watu kumi na sita, fulana za bluu za kufanana, siku mbili kwenye basi, na mimi nilichaguliwa si kwa karama yoyote ya kuhubiri bali kwa sababu wenyeji wetu walikuwa na shule ambayo milango yake haifungi, na mwenyekiti wa umisheni, mwalimu mstaafu tunayemwita Mama Ratiba kwa kuwa hata maombi yake yana saa ya kuanza na saa ya kwisha, alitazama orodha ya majina akasema, "Wahubiri wametosha, sasa tutafute mtu mmoja wa kufanya kazi." Nikafungasha tupa zangu, misumari na vitasa, nikaenda.

Siku tano za mwanzo nilikuwa na raha zangu. Asubuhi natengeneza milango, walimu wananiletea chai, alasiri nakaa nyuma kabisa ya turubai la mikutano nawasikiliza wenzangu wakitoa ushuhuda mbele ya wenyeji, na hapo ndipo kijicho kilipoanza kunitafuna, maana wenzangu, Shangazi, walikuwa na mambo. Dereva wetu aliwahi kulewa akaja kuamka ndani ya jeneza kwenye karakana ya seremala. Mpiga kinanda alikuwa na wachumba watatu kwenye jengo moja, kila mmoja ghorofa yake. Hata yule dada mpole anayegawa vitabu vya nyimbo kumbe aliwahi kumnywesha mumewe dawa ya mganga mpaka mume akavimba miguu. Watu walikuwa wanalia, wanasogea mbele, wanawakumbatia, na jioni wanawapelekea mayai. Mimi niliyewatengenezea milango kumi na tisa sikuletewa hata ganda.

Siku ya sita ikawa zamu yangu, na Mama Ratiba akataka nimsomee kwanza nilichoandika. Nikasoma kwamba nililelewa kanisani, nikabatizwa, nikajifunza ufundi, nikaoa, na Mungu amenitunza.

"Huo sio ushuhuda," akasema. "Hiyo ni barua ya kuomba kazi."

"Ndio maisha yangu, Mama."

"Hukuwahi hata kuvuta sigara?"

"Nilijaribu mara moja, nikakohoa, nikaacha."

Akanitazama kwa huruma, kama daktari anayemtazama mgonjwa aliyechelewa kuletwa. "Kaombe," akaniambia. "Mungu atakukumbusha kitu."

Shangazi, niliomba kweli, na nilipopanda jukwaani nilikuwa sijakumbuka chochote. Nikaanza kwamba nililelewa kanisani, na mkalimani wetu, ambaye ni mwalimu wa hesabu wa ile shule, akatafsiri huku anapiga miayo, bibi mmoja mstari wa mbele akawa amelala mdomo wazi, mtoto akaomba kwenda chooni, na ndipo nikasikia sauti yangu ikisema, "Lakini nilikuwa mwizi." Mkalimani akageuka kunitazama mara mbili. Alipotafsiri, bibi akaamka.

Baada ya hapo sikuweza kujizuia. Nikasema nilikuwa naingia majumbani saa nne asubuhi wenyewe wakiwa makazini, nikasema nilikuwa na ule ufunguo unaofungua kila mlango, ambao jina lake wewe unalijua na mimi siwezi kuliandika gazetini, nikasema siku moja mwenye nyumba alirudi ghafla nikajitosa kwenye pipa la maji jikoni kwake, maji yananifika kidevuni, na humo humo ndani ya pipa nikamwita Mungu. Mimi nilisema pipa tu. Mkalimani alichukua dakika nzima, akachuchumaa, akatoa macho, akazibana pua, na nina hakika pipa lake lilikuwa na maji mengi kuliko langu. Watu wakainuka. Kumi na mmoja wakaja mbele, na wa mwisho wao alikuwa mwanamume mwembamba mwenye koti kubwa, akaweka miguuni pangu mfuko wa kitambaa, na ndani yake mlikuwa na waya uliokunjwa, rundo la funguo na bisibisi ya mpini mwekundu. Wenyeji walishika vichwa. Nikaambiwa huyo ndiye Bisibisi, mwizi ambaye mji mzima unamjua, na askari wameshindwa kumkamata kwa miaka saba. Alinishika mikono yote miwili akaniita mwalimu.

Siku hiyo nililetewa mayai, tena trei nzima.

Nilijiambia kwamba uongo wenyewe nimeuacha ng'ambo ya mpaka. Kumbe mpiga kinanda alikuwa amerekodi, na kabla basi letu halijafika nyumbani ushuhuda wangu ulikuwa umeshatangulia kwenye simu za waumini wote, na kwenye simu za wasio waumini. Mchungaji alinisifu madhabahuni Jumapili, akasema mimi ni kielelezo, na Jumatatu nikapita nikasikia nyundo, nikachungulia, nikakuta ofisi ya kanisa inabadilishwa kitasa. Wateja wangu wakaanza kunisalimia kwa upole mwingi huku wakipeleka funguo zao kwa fundi mwingine upande wa pili wa barabara, ambaye ametundika kibao kipya kimeandikwa: FUNGUO HAPA, FUNDI HANA USHUHUDA. Mama mkwe alikuja kututembelea na kufuli la kufungia mkoba wake, kufuli nililomuuzia mimi. Na fundi redio mmoja wa mtaa wa juu alikuja kibandani, akaniinamia, akasema kwa sauti ya chini, "Ile redio yangu ya kabati, ya mwaka ule wa mafuriko. Nimekusamehe." Nikamjibu, "Asante." Shangazi, nilisema asante.

Sasa utauliza kwa nini sikusema ukweli mapema. Sababu ya kwanza naona haya kuiandika. Mke wangu anauza kwenye duka la dawa, ni mwanamke mchangamfu, na kwa miaka tisa amenivumilia tu, maana mimi nikirudi nyumbani naulizwa habari za kazi nasema nzuri, na hapo mazungumzo yameisha. Alipoiona ile video alikaa kimya siku mbili. Siku ya tatu tunakunja nguo akasema, "Kumbe miaka yote hii nimeishi na mtu aliyewahi kukaa ndani ya pipa," na sauti yake haikuwa ya hasira hata kidogo. Tangu siku hiyo ananingoja nirudi, ananimiminia chai kwa mkono wake, anakaa karibu, ananiuliza, "Na ile nyumba ya ghorofa uliingiaje?" Na mimi natunga.

Sababu ya pili ni Bisibisi. Ananitumia ujumbe wa sauti kila siku kwa Kiswahili chake cha kuokoteza: "Mwalimu, leo nimepita nyumba, dirisha wazi, nimepita tu. Unanisifu?" Namsifu. Sasa kanisa la kule limemkatia tiketi aje akae kwangu mwezi mzima, nimfundishe kuishi na makufuli kwa njia ya halali, kama nilivyofanya mimi. Ndiye huyo wa Alhamisi. Nikimwambia kwamba mwalimu wake hajawahi kuiba hata chaki, si atarudia kazi yake? Na wale kumi wengine je? Halafu Mama Ratiba ameshachapisha bango la safari ya mwakani, picha yangu katikati, na chini yake maneno KUTOKA PIPANI.

Lakini lililoniondolea usingizi ni mama yangu mzazi. Alikuja nyumbani, akakaa, akasema, "Wewe ulikuwa ukitoka shule unakuja kukaa chini ya cherehani yangu mpaka nifunge kazi. Ulipopata kibanda, chakula cha mchana nilikuletea mimi. Hayo uliyafanya lini?" Nikatazama sakafu. Akasema polepole, "Basi kuna mahali sikuangalia." Jumatano iliyofuata alisimama kwenye kikundi chao cha akina mama akaomba radhi kwa kulea mwizi bila kujua.

Nifanyeje, Shangazi? Niseme, nipoteze mke, mwanafunzi na jina, au ninyamaze nijifunze wizi haraka haraka kabla ya Alhamisi?

Ni mimi,
Mwizi wa Mdomoni

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili. Ya kwanza nilicheka mpaka wenzangu wa chumba cha habari wakaja kunitazama, na ya pili niliisoma nimeshika tama. Nimekurusha mbele ya foleni kwa sababu basi halingoji, na waliokuwa mbele yako wanisamehe, shida zao nyingi ni waume tu.

Nikupe pole kwanza. Kukaa nyuma ya turubai umetulia, huna doa, huku waliogaagaa matopeni wanapelekewa mayai, kunauma. Nimeona watu wakubwa kuliko wewe wakishindwa na jambo hilo. Pole yangu ni hiyo moja, itunze, maana nyingine sina.

Unasema ulisikia sauti yako ikisema. Mwanangu, sauti haisafiri siku mbili kwenye basi bila mwenyewe. Mdomo ni wako, ulitaka kushangiliwa, ukashangiliwa. Na huyo Mama Ratiba, kama anasoma hapa, nina neno naye pia. Mtu aliyekaa miaka thelathini na minane bila kuiba, bila kulewa na bila kumnywesha mwenzake madawa, ukamwambia hiyo ni barua ya kuomba kazi? Ninyi wenye makanisa mnataka watu wawe wema, halafu mkimpata mmoja mnamwona hana ladha. Hata hivyo, mwanangu, yeye alikuambia ukaombe. Hakukuambia ukatunge.

Wateja wako usiwalaumu. Anayeshika funguo za watu haruhusiwi hata kuuota wizi kwa sauti. Huyo fundi wa ng'ambo ya barabara mpelekee salamu zangu, ana akili.

Fundi redio umtafute leo hii. Msamaha alioutoa haukuwa wako, na aliyeiba redio yake bado yuko huko mitaani. Mrudishie, atautumia siku atakayompata mwenyewe.

Kuhusu mkeo unajidanganya tena, na hapo hata mkalimani huna. Unadhani amempenda mwizi. Huyo mwanamke amekaa miaka tisa na mtu wa "habari za kazi, nzuri," kama mgonjwa na karani wa mapokezi, na siku ya kwanza uliyofungua mdomo ukamsimulia jambo lenye mwanzo na mwisho, amekaa karibu na wewe. Alichokipata ni mume anayeongea. Mwambie ukweli ukiwa umekaa, usimwambie ukiwa mlangoni, na ukishamwambia usirudi kwenye "nzuri." Kibandani kwako wanapita watu wanaofungia nje wake zao, wanaotaka kufungua sanduku la marehemu kabla ya matanga kwisha, na wewe unarudi nyumbani huna la kusema?

Sasa Bisibisi. Hapo ndipo ulipojipa cheo. Unadhani ukitikisika wewe, wokovu wa watu kumi na mmoja unaporomoka kama rafu ya vikombe. Nani kakuweka kuwa msumari? Mwanamume aliyewashinda askari miaka saba akaja mbele akaweka vyombo vyake chini, huyo alikuwa na safari yake muda mrefu, wewe ulikuwa kituo tu. Lakini anayeacha wizi anastahili kuanza na mtu mmoja asiyemdanganya. Kampokee mwenyewe stendi. Mwambie kabla hajaweka begi chini, ili kama ataamua kurudi, arudi na basi lile lile akiwa bado ana nguvu za hasira. Akibaki, mpe kazi. Na usithubutu kumfundisha habari za wizi, utachekwa.

Kanisani utasimama Jumapili, mahali pale pale, na mpiga kinanda arekodi, na itumwe kule kule ilikotumwa ya kwanza, mpaka kwa wenyeji wenu ng'ambo. Hutasema "niliongeza kidogo." Utasema nilidanganya. Bango lishushwe.

Nimeacha la mwisho kwa makusudi, kwa sababu ndilo la kwanza kufanya. Katika maisha yako yote umeiba mara moja, nalo ni jina la mama yako. Amelea mtoto safi kwa mikono yake, chini ya cherehani yake, na wewe umemfanya asimame mbele ya wenzake aombe radhi kwa kazi aliyoifanya vizuri. Ukimaliza kusoma ukurasa huu likunje gazeti, uende kwake. Usimtumie mkeo, usipige simu. Piga magoti useme, halafu ufanye lolote atakalokuambia, hata kama ni la aibu. Hasa kama ni la aibu.

(Wiki tano baadaye, Mwizi wa Mdomoni aliandika tena.)

Shangazi, shikamoo. Nimerudi kukupa habari, kwa sababu mke wangu amesema nisipokuandikia atakuandikia yeye, na yeye hana breki.

Nilikwenda kwa mama siku ile ile. Nilipomaliza kusema hakunijibu, akanipiga kofi moja la begani, akavaa viatu, akaniambia nimfuate. Tulikwenda mguu kwa mguu mpaka kwa kila mwanamke wa kikundi chake, nyumba tisa, na kila mlangoni mama anasimama pembeni na mkoba wake anasema, "Haya, sema." Nikasema mara tisa. Mlango wa tisa nilipomaliza mama akaongeza mwenyewe, "Mwongo ni mwongo, lakini mwizi siye," na tukarudi nyumbani akanipa chakula.

Mke wangu alicheka mpaka akakaa sakafuni. Halafu akauliza, "Hata pipa ulitunga?" Nikasema hata pipa. Akauliza tena, "Na hayo yote yalikuwa wapi miaka tisa?" Siku hizi namweleza ya kibandani, bila kutaja majina, na nikichoka ananikumbusha kwamba ulishasema.

Kanisani nilisimama pale pale nikasema nilidanganya. Mchungaji alitazama dari. Baada ya ibada Mama Ratiba alinifuata, akavua miwani, akaifuta, akasema, "Sasa hapo ndipo unao ushuhuda," na nimesikia ameshakwenda kuuliza habari za bango jipya. Nimemkatalia mpaka sasa.

Bisibisi nilimpokea stendi. Nilimwambia akiwa bado ana mguu mmoja kwenye ngazi ya basi, watu wanamsukuma kwa nyuma. Akashuka, akaweka begi chini, akasema, "Najua."

"Unajua nini?"

"Mtu akiingia pipa limejaa, maji yanamwagika chini. Mwenye nyumba anaona sakafu, anakupata hapo hapo. Mimi nilikaa mbele nikasema, huyu hajaiba hata kijiko."

"Sasa kwa nini ulikuja mbele?"

Akajibu, akiokoteza maneno, "Mimi nilikuwa nimechoka siku nyingi. Nilikuwa naona haya kusimama. Nikakuangalia wewe, unatetemeka, unasema mambo hujafanya, mbele ya watu wote. Nikasema, huyu anaweza kusimama na uongo, mimi nashindwa kusimama na ukweli?"

"Na kuniita mwalimu?"

"Milango ya shule," akasema. "Nilijaribu vile vitasa vyako siku ya pili, kabla sijaokoka. Vimenishinda."

Shangazi, hilo ndilo lililonitoa machozi, pale pale stendi, watu wanaangalia.

Amebaki. Tumeweka meza ya pili kibandani. Mteja akitaka kufuli, Bisibisi analichukua kwanza, anakaa nalo mbele yake, na likimfungukia kabla mteja hajamaliza soda halinunuliwi. Watu wameanza kurudi, wengine bado wananitazama mikono, lakini wanakuja. Hata mchungaji alituma kitasa kipya cha ofisi kijaribiwe. Kilifunguka mara moja, na Bisibisi amemwekea kingine.

Ahsante, Shangazi.

SHANGAZI ANAJIBU

Mwanangu, nimefurahi, na mama yako nimempenda bila kumwona. Nina mlango wa stoo hapa kwangu umekwama tangu mwezi uliopita na kila fundi ananiambia auvunje. Mlete huyo Bisibisi anifungulie. Mje Jumamosi, mchana, wote wawili, na msianze kazi kabla sijarudi kutoka sokoni.